Liache Liende

Asubuhi ile Bi Taratibu alimwomba Mungu mambo mawili tu: mvua isinyeshe, na Fundi Saa asije. Mvua haikunyesha.

Alimwona kwenye kioo cha pembeni wakati akilitoa basi kinyumenyume kutoka karakana. Alikuwa amesimama kando kidogo ya wenzake, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikononi, kamera shingoni. Alikuwa amekonda. Moyo ulimlipuka Bi Taratibu, mguu ukateleza kwenye klachi, na basi likaruka kama mbuzi aliyeona nyoka. Watu wote pale uwanjani wakacheka na kupiga makofi. Walidhani basi linawasalimia.

"Bibi leo anaringa!" alipaza sauti Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya majani.

"Acheni aringe," alijibu kondakta akiwa mlangoni. "Ndiyo siku yake."

Ilikuwa siku yake kweli. Basi lile waliliita Bibi Kikohozi, kwa sababu kila asubuhi lilikohoa mara kadhaa kabla ya kukubali kuwaka. Mabasi mengine ya aina yake yalikuwa yameshakatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu, na kesho yake ingekuwa zamu yake. Kwa hiyo Jumapili ile, chama cha wapenzi wa mabasi makuukuu kilikuwa kimelikodi ili kilizungushe mjini kwa mara ya mwisho. Dereva waliyemwomba alikuwa mmoja tu, naye ni yule ambaye abiria walimbatiza jina la Bi Taratibu kwa kuwa ndani ya gari lake mtu aliweza kusimama na kikombe cha chai mkononi, na chai isimwagike.

Alipokutana na watu hawa mara ya kwanza, aliwaona wana wazimu. Watu wazima na kazi zao na watoto wao, wanasimama juani kupiga picha matako ya basi! Alikuwepo daktari wa meno ambaye aliweza kufumba macho na kukwambia gari gani linapita kwa kusikia gia. Mwenyekiti alinasa sauti za injini kwenye kinasa sauti chake, kisha alizisikiliza nyumbani usingizi ukimkataa. Walipapasa mbao za sakafu, walivuta kamba ya kengele kwa zamu kama watoto, walinusa viti.

Fundi Saa hakuvuta kengele. Yeye aliketi kiti cha kwanza nyuma ya dereva, akafumba macho, akasikiliza. Siku moja alimwambia, "Dada, samahani. Ukitaka kuingiza gia ya pili, unasubiri kidogo kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Madereva wengine wanavunja mlango."

Kwa miaka yote aliyoendesha, Bi Taratibu alikuwa amesifiwa macho, amesifiwa umbo, amesifiwa hata viatu. Hakuna aliyewahi kumsifia hodi yake. Jioni ile alifika nyumbani akiimba, na mama yake akamuuliza kama ameokota kitu njiani.

Naam, aliokota. Na mambo yalikwenda vizuri mpaka siku Fundi Saa alipokuja nyumbani na dada yake mkubwa kujitambulisha. Mama aliwakaribisha, akawapa chai, akauliza habari za duka la saa. Kisha akauliza siku za mapumziko kijana anafanya nini, na kijana, kwa ukweli wake usio na breki, akatoa picha za mabasi mfukoni. Mama alizitazama moja moja, kwa adabu, mpaka ya mwisho. Wageni walipoondoka alikusanya vikombe bila kumtazama binti yake.

"Huyu simtaki."

"Mama, amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ana adabu, ana kazi, na dada yake ni mtu wa watu. Lakini mwanaume anayelilia chuma chakavu, siku ukiumwa wewe atakuwa yuko karakana."

"Si kila mwanaume ni baba."

Mama aliviweka vikombe chini kwa nguvu. Baba wa Bi Taratibu alikuwa mfuga njiwa. Aliwajua njiwa wake kwa majina, na wanawe aliwachanganya. Aliondoka nyumbani siku moja na matundu yake, akahamia mahali penye upepo mzuri wa njiwa, hakurudi tena.

"Sikumtaja baba yako," alisema mama. "Umemtaja wewe."

Kesho yake Bi Taratibu alikwenda dukani kwa Fundi Saa, maneno ya mama yakimchoma kama mwiba wa kiatuni. Alimkuta ameinamia saa, lenzi jichoni.

"Mabasi haya yakiondolewa, mimi nahamishiwa yale mapya," alimwambia. "Utakuja kupanda?"

Fundi Saa alicheka. "Yale hayana sauti. Nitasinzia."

Ulikuwa utani, na siku nyingine yoyote angecheka. Siku hiyo haukumchekesha.

"Niambie kweli. Ulinipenda mimi, au ulilipenda gari?"

Fundi Saa alitoa lenzi jichoni. Akaiweka mezani. Akafikiri. Ndivyo alivyokuwa: hata ukimuuliza saa ngapi, atahakikisha kwanza. Lakini mwanamke aliyeuliza swali la namna ile anahesabu kila pumzi, na Bi Taratibu aliona pumzi zimezidi. Alichukua mkoba wake.

"Asante. Nimeshajibiwa."

"Subiri, sijasema kitu!"

"Ndicho nilichosikia."

Tangu siku ile, ilipita miezi bila wao kuonana. Na sasa huyu hapa, na shati lake la pasi.

Kabla hajapanga uso wake aufanyeje, kondakta alichungulia dirishani kwake, macho yamemtoka. "Shoga, usigeuke. Mama yako anakuja."

"Mama yangu yupi?"

"Una wangapi?"

Mama alikuwa anavuka uwanja wa karakana na kanga yake nzuri na mkoba wa kwendea sherehe. Alipanda ngazi za basi bila haraka, kama mtu aliyealikwa.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumuaga huyu bibi. Amekulisha miaka yote hii, au nimekosea?" Alisema hivyo, lakini macho yake yalishavuka kichwa cha binti yake na kutua kwenye shati jeupe. Kisha akaketi kiti cha kwanza nyuma ya dereva.

Fundi Saa alipanda, akasimama mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiti hiki kina mwenyewe?"

"Ni chako, mama."

"Nilidhani hivyo."

Fundi Saa akaenda kukaa nyuma kabisa. Kondakta alijifanya anakohoa ili asicheke.

Safari ilianza. Jua lilikuwa la upole, mji umetulia, na Bibi Kikohozi aliunguruma barabarani kama bibi harusi aliyechelewa kuolewa. Watu walisimama milangoni kulipungia mkono. Mzee mmoja muuza magazeti alivua kofia. Mwanamke mmoja kwenye ghorofa alipiga kelele, "Ndilo lililonipeleka shule hilo!" na basi zima likampigia kengele. Mle ndani ilikuwa furaha yenye machozi kidogo: daktari wa meno anasifu mikanda ya ngozi ya kufungulia madirisha, mwingine anawaonyesha wenzake mahali ambapo rangi tatu za zamani zinaonekana moja chini ya nyingine, Mwenyekiti anawanyamazisha kila wakati ili anase sauti.

"Hawa watu wanafurahi hivi bila kulewa?" mama aliuliza.

"Bila kulewa, mama."

"Mh!" alisema mama. Lakini baadaye kidogo Bi Taratibu alimwona kiooni akiipapasa mbao ya dirisha kwa kidole kimoja, kwa siri.

Walisimama kwenye kibanda cha vinywaji ili gari lipoe. Abiria walishuka. Bi Taratibu alibaki akikagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alisikia nyayo, akazijua.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Nilikuja karakana kukutafuta. Siyo mara moja. Waliniambia umebadilishiwa zamu."

"Ulikuja kunitafuta mimi, au yeye?" Alilipiga basi ubavuni kwa kiganja.

Fundi Saa alifungua kinywa. Akakifunga. Kile kikunjo cha kufikiri kikajitokeza tena kati ya nyusi zake, kikunjo kilekile ambacho Bi Taratibu alikuwa amekipenda kuliko macho yake, na ambacho sasa alitamani kukinyoosha kwa pasi.

"Ninachotaka kusema ni kwamba..."

"Jamani, twendeni mlima wa matangi!" aliita Mwenyekiti. "Jua liko mahali pake!"

Basi tena. Bi Taratibu alipanda kwenye usukani wake.

Mpango wa Mwenyekiti ulikuwa huu: wote washuke chini ya mlima, penye kona, wapange kamera zao. Basi lipande tupu mpaka kwenye matangi ya maji, ligeuze, kisha lishuke kwao peke yake, barabara nzima. Picha ya kutundika ukutani. Wote walishuka, kondakta naye. Fundi Saa hakukaa na wenzake. Alipanda kwa miguu hadi katikati ya mlima, akasimama mkabala na nyumba iliyokuwa inajengwa, ili alione gari kwa karibu. Mama ndiye pekee aliyekataa kushuka.

"Miguu yangu siyo ya kupanda na kushuka kwa ajili ya picha. Nitajificha, wasinione."

Kwa hiyo walipanda wawili, mama na binti. Walipompita Fundi Saa, hakuinua kamera. Aliinua macho tu.

"Bado anakutazama," alisema mama.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Na wewe bado unamtazama. Kwenye kile kioo unamwona yeye kuliko barabara."

"Mama, ulikuja kumuaga bibi au kunichunga?"

Walifika juu, gari likageuka. Ndipo mama akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuja kuona kama unalala. Usiku nakusikia ukigeukageuka. Nilitaka nijue ni kwa sababu ya nani, na kama anastahili."

Bi Taratibu aliachia breki ya mkono, basi likaanza kushuka.

Lilishuka vizuri. Chini kabisa kofia ya Mwenyekiti ilionekana kama punje, na kamera zikimeta. Alikanyaga breki kidogo, kama kawaida yake, ili gari lisiharakishe.

Mguu ulizama mpaka sakafuni.

Akauinua, akakanyaga tena. Sakafuni. Asubuhi ile mafundi walikuwa wamelikagua gari na kuridhika, lakini uzee haupigi hodi. Mahali fulani chini ya sakafu ile ya mbao bomba lilikuwa limepasuka. Alivuta breki ya mkono. Harufu ya kuungua ikapanda, kikasikika kishindo, na mkono wa breki ukabaki umelegea kiganjani mwake kama wa mwanasesere.

"Mbona leo siyo taratibu?" aliuliza mama.

"Mama. Shika chuma cha mbele yako kwa mikono miwili. Usikiachie hata nikikwambia nini."

Mama alimtazama kiooni. Alishika.

Ilibaki gia. Kwa basi lile, ukitaka gia ndogo wakati wa kushuka, unakanyaga klachi, unaachia, unapiga mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaomba kuingia. Hapakuwa na nafasi ya kuomba. Aliisukuma gia ya pili kwa nguvu za mabega yote mawili, na Bibi Kikohozi akapiga yowe ambalo mji ule haukuwahi kulisikia. Mwendo ukapungua, lakini gari halikusimama. Mlima ulikuwa bado mrefu, na mwisho wake palikuwa na kona, na kwenye kona palikuwa na watu wenye kamera wakitabasamu.

Fundi Saa alisikia yowe lile. Wengine walidhani ni mbwembwe za kuaga. Yeye alijua kwamba mwanamke yule asingevunja mlango ule hata akichapwa fimbo. Kabla hajaona kitu chochote, alikuwa ameshaingia barabarani.

"Breki!" Bi Taratibu alipiga kelele kupitia dirishani. "Sina breki!"

"Liache!" alijibu. Sauti yake, ile sauti ya kupima maneno, ilikuwa imepasuka. "Liache liende! Ruka! Ruka wewe!"

Bi Taratibu alitikisa kichwa. "Mama yumo! Na watu wako chini!"

Safari hii Fundi Saa hakufikiri hata chembe. Upande wa pili wa barabara, mbele ya ile nyumba inayojengwa, palikuwa na lundo kubwa la mchanga, na mbele ya mchanga mapipa yaliyojaa maji ya mvua, yamepangwa kuzuia magari. Aliyarukia. La kwanza alilisukuma kwa bega, likapinduka na maji yake. Mkanda wa kamera ulinasa kwenye la pili. Akaukata kwa kuuvuta, kamera ikabingirika barabarani, hakuigeukia. Akalisukuma la pili. La tatu likagoma. Akaliegemeza mgongo, akakita miguu, na mishipa ya shingo ikamtoka.

"Toka hapo!" Bi Taratibu alilia. "Toka, nakuja!"

Pipa lilianguka. Naye akaanguka nalo, upande wa pili.

Bi Taratibu alikata usukani. Tairi la mbele lilipanda ukingo wa barabara, kitu kikapasuka chini yake, viti vyote vikaruka, mama akataja majina ya Mungu yote anayoyajua, na Bibi Kikohozi akazamisha uso wake wote kwenye mchanga, mpaka taa zikazibwa. Injini ikakohoa. Ikanyamaza.

Mchanga ulikuwa bado unateremka kwenye kioo cha mbele, polepole. Bi Taratibu alitazama mikono yake kwenye usukani, akashangaa kuiona yote miwili.

"Mama?"

"Nipo," ilisema sauti nyuma yake. "Nimekula mchanga, lakini nipo."

Ndipo alipokumbuka. Alichungulia nje, roho mkononi. "Yuko wapi? Yuko wapi?"

"Niko hapa."

Alikuwa chini ya dirisha lake, shati jeupe lote tope, mguu mmoja wa suruali umechanika, amezama mchangani mpaka magotini. Alinyoosha mikono juu, na Bi Taratibu akanyoosha yake chini, vidole vikashikana.

"Umeumia?" aliuliza Fundi Saa.

"Hapana. Wewe?"

"Hapana."

"Uongo. Unatoka damu kwenye kiwiko."

"Aa, hiyo ndogo."

Wakaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha ajabu, chenye machozi ndani, kicheko cha watu waliochungulia shimo na kurudi. Bi Taratibu alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye mikono ya Fundi Saa, hapo hapo dirishani, na kilio chote cha miezi ile kikamtoka.

"Kijana," mama alisema. "Hebu nishushe mimi kwanza. Mimi ndiye mwenye mali."

Mlango ulikuwa umeziba kwa mchanga, kwa hiyo Fundi Saa alipitia mlango wa nyuma, akambeba mama mgongoni, mkoba wa sherehe ukimpigapiga shingoni, akamketisha kwenye tofali safi. Kisha akarudi kumshika mkono dereva wake. Wapenzi wa mabasi walikuwa wanapanda mlima mbio, wakihema. Mwenyekiti alifika bila kofia.

"Wote wazima?"

"Wote wazima," alijibu Bi Taratibu.

Mwenyekiti aliketi chini palepale barabarani kama mtoto. Kondakta alimkumbatia shoga yake mpaka mbavu zikalia. Daktari wa meno alikagua meno ya kila mtu, kwa kuwa ndicho alichokijua. Maji yalitoka sijui wapi, yakanyweka yote.

Kelele zilipopungua, Bi Taratibu alimvuta Fundi Saa kando ya ukuta wa jengo.

"Umesema liache liende."

"Nimesema."

"Wewe. Bibi Kikohozi. La mwisho kabisa."

"Lingekwenda tu." Alifuta tope usoni, akalisambaza zaidi. "Lile swali lako la dukani... Nilikuwa natafuta jibu zuri."

"Miezi yote hii?"

"Nilitaka liwe zuri sana. Nilikuwa nimefika mahali pazuri. Nilitaka kusema kwamba gari ndilo lililonifungulia mlango, lakini nani angependa mlango akamwacha aliye ndani... kitu kama hicho."

"Lingekuwa zuri."

"Basi nimelisahau lote. Ulipokuwa unashuka ule mlima, wallahi sikuona basi. Nilikuona wewe umekaa juu ya kitu kinachokwenda kukuua. Kingekuwa cha dhahabu ningesema kiende."

Bi Taratibu alimtazama. Kikunjo kati ya nyusi hakikuwepo. Alinyoosha kidole akapagusa mahali pale, taratibu, kama anayebisha hodi, na Fundi Saa akafumba macho.

"Ehem."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Waliachana kama walioguswa na umeme.

"Kijana, ile mashine yako ya picha iko wapi?"

Fundi Saa alitazama barabarani. Vipande vilikuwa vimetapakaa. Tairi la Bibi Kikohozi lilikuwa limepita juu yake. "Imekwenda, mama."

"Na picha za leo?"

"Nazo."

"Huna hata moja ya siku ya mwisho ya gari lako?"

"Sina."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alitazama vile vipande, kisha lile pipa la tatu lililolala ubavu, kisha kiwiko chenye damu. Aliongea akimtazama binti yake, lakini maneno yalikuwa ya kijana.

"Nyumba yetu iliwahi kushika moto jikoni. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilikutoa mimi, na ndugu yako nilimtoa mimi. Baba yako alitoka na matundu mawili, njiwa wote salama. Majirani walicheka. Nami nilicheka nao, ili nisilie." Alikung'uta mchanga kwenye kanga. "Tangu siku ile, nikimwona mtu mwenye kitu anachokipenda sana, najiuliza: siku ya moto atatoka na nini?"

Alimgeukia kijana.

"Leo nimeona."

"Mama..." alianza Fundi Saa.

"Sijamaliza. Uje nyumbani, na uje na yule dada yako. Mimi chai nitapika. Ila picha usilete."

"Sitaleta, mama."

"Au lete moja. Lile la kijani lilikuwa na sura nzuri."

Bi Taratibu alimkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka kanga ikaanguka. Mama alimsukuma huku amemshikilia. "Niachie, unanipaka mchanga. Mkubwa mzima!" Lakini alikuwa analia, na hakujificha.

Wenzao walikuwa wamelizunguka basi. Hawakupiga picha. Mmoja mmoja walilipiga kofi dogo ubavuni, kama unavyomuaga mtu mzima aliyechoka, na Mwenyekiti alizima kinasa sauti chake.

"Kimenasa yote," alisema. "Hii sitaisikiliza usingizi ukinikataa."

"Utalala kwa raha zaidi ukiitupa," alimshauri daktari wa meno.

Fundi Saa naye alikwenda, akaweka kiganja kwenye bati lenye joto. Bi Taratibu alimwangalia kwa mbali. Hakuona wivu wowote moyoni mwake, akajishangaa. Aliona huruma tu, na shukrani kwa lile gari zee ambalo, pamoja na kukosa breki, lilikubali gia ya pili. Fundi Saa hakukaa. Alirudi kwake kabla wengine hawajamaliza.

Karakana ilituma moja ya mabasi mapya kuja kuwachukua. Lilifika bila kusikika. Mtu angegongwa hivi hivi akidhani ni upepo. Mlango ulijifungua wenyewe, ndani kuna ubaridi, viti havina hata mkwaruzo. Abiria walipanda kimya, wamechoka ule uchovu mtamu wa watu waliofikishwa. Mama alitangulia mpaka kiti kirefu cha nyuma, akaketi katikati. Binti akaketi kulia kwake. Kijana, baada ya kusita, akaketi kushoto.

Waliondoka. Mlima ukateremkwa, kona ikakatwa, mji ukaanza kupita madirishani. Juu ya kichwa cha mama watu wawili walikuwa wakitazamana, kila mmoja akiangalia pembeni mwenzake akigeuka. Mama alikuwa amefumba macho. Kisha akayafumbua, akashika kiti cha mbele, akasimama.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nahamia mbele. Huku nyuma panatikisika mno."

Bi Taratibu alisikiliza. Basi jipya lilikuwa linateleza kama sabuni kwenye maji. Hakikutikisika hata kioo.

"Kweli, mama," alisema. "Panatikisika." Na alikuwa ameshasogea.